Kugawa Vichaka vya Airisi ya Asili na Kuvipanda Vyunguni: Mwongozo kwa Vikundi vya Bustani

Airisi inayohusika na mwongozo huu ni Dietes iridioides, mmea wa kudumu wa jamii ya airisi ambao huota wenyewe kivulini, chini ya miti ya misitu ya nyanda za juu, kuanzia Ethiopia, kupitia Uganda, Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Majani yake ni membamba na magumu kiasi, na hubaki ya kijani mwaka mzima. Maua yake ni meupe, yana alama za manjano na rangi ya zambarau hafifu katikati, na kila ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Zile airisi kubwa za jenasi ya Iris, ambazo wengi wamezizoea katika picha za bustani za Ulaya, hazina spishi hata moja iliyo ya asili Afrika Mashariki, kwa hiyo kikundi cha Lushoto, Limuru au Kabale kinachotaka airisi ya kwao kitakuwa kimefika kwenye mmea huu, na mara nyingi kitakuta tayari umo katika ua wa mwanachama mmoja au wawili.

Kazi ya kuugawa haihitaji utaalamu mkubwa, lakini inataka mikono mingi kwa wakati mmoja, kwa sababu mizizi ikishatolewa ardhini haipendi kukaa wazi kwa muda mrefu. Mtu mmoja akichimba, akagawa, akachanganya udongo na kujaza vyungu peke yake, kipande cha mwisho kitakuwa kimekauka kabla hajakifikia. Watu 8 hadi 12 waliogawana kazi vizuri humaliza vichaka kadhaa asubuhi moja bila haraka.

Kuutambua mmea kabla ya kuugawa

Hatua hii hurukwa na wengi, na matokeo yake ni kwamba kikundi hujikuta kimezalisha mamia ya miche ya mmea mwingine. Jenasi ya Dietes ina spishi 6, ambazo 5 ni za Afrika na moja hupatikana katika kisiwa cha Lord Howe cha Australia. Kati ya hizo, zile zinazopandwa sana kando ya barabara na kwenye bustani za hoteli ni Dietes grandiflora na Dietes bicolor, ambazo asili yake ni Afrika Kusini. Ni mimea mizuri na haina ubaya wowote bustanini, ila si ya asili ya huku, na kama lengo la kikundi ni kurudisha mimea ya asili, tofauti hiyo ina uzito.

Dietes bicolor hujulikana upesi zaidi kwa maua yake ya manjano hafifu yenye madoa meusi ya kahawia. Dietes grandiflora ndiyo inayochanganya, kwa kuwa nayo ina maua meupe yenye manjano na zambarau. Lakini maua yake ni makubwa zaidi, hudumu kama siku 3, na majani yake hurefuka kufikia mita moja au kuzidi. Airisi yetu ni ndogo, kwa kawaida kati ya sentimeta 30 na 60. Alama nyingine ya kuangalia ni mabua ya maua. Bua la Dietes iridioides halifi baada ya kuchanua. Hubaki la kijani, hurefuka, kisha huinama taratibu, na kwenye vifundo vyake huota vichipukizi vidogo vyenye majani matatu au manne na, ukikifunua kimoja kwa kidole, vijizizi vyeupe vya urefu wa ukucha. Bua likigusa udongo unyevu, vichipukizi hivyo hushika na kuwa mmea kamili. Kwa hiyo kichaka cha zamani mara nyingi huzungukwa na watoto wake waliojipanda wenyewe hatua moja kutoka kwa mama.

Mmea mama utoke wapi

Mmea mama utoke bustanini, kwa ruhusa ya mwenye bustani, au kwenye kitalu kinachojulikana kilikopata mbegu zake. Usitoke msituni. Kung'oa mimea katika hifadhi ya misitu bila kibali ni kosa, nchini Tanzania chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na nchini Kenya chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Hata mahali ambapo hakuna mlinzi, kichaka kilichozoea udongo wa majani yaliyooza na kivuli kizito huteseka kikihamishwa ghafla, na mara nyingi mchimbaji hupoteza alichokichukua na msitu hupoteza kilichokuwa chake. Kama hakuna mwanachama mwenye mmea, ni afadhali kuanza na mbegu, ingawa maua yatachelewa kwa miaka kadhaa.

Chagua kichaka kikubwa chenye afya, kilichokaa mahali pamoja kwa miaka isiyopungua minne. Dalili ya kwamba kinahitaji kugawanywa huonekana katikati yake, ambapo majani huwa machache na makavu, huku pembeni kukiwa na machipukizi mengi yanayosukumana. Kichaka kichanga chenye machipukizi matano au sita kiachwe kikue.

Majira ya kufanya kazi

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, wakati mzuri ni mwanzoni mwa vuli, yaani mwishoni mwa Oktoba au Novemba, baada ya mvua za kwanza kulainisha ardhi. Miche itakaa vyunguni hadi masika, na itakuwa na mizizi ya kutosha kupandwa ardhini Machi au Aprili mvua kubwa zinapoanza. Kwa wale wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako kuna msimu mmoja mrefu kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, gawa mwanzoni mwa msimu, kisha ama upande mwishoni mwake kama kuna maji ya kumwagilia, ama uitunze miche kitaluni mpaka mvua za mwaka unaofuata. Epuka kugawa mmea ulio katikati ya kuchanua na epuka miezi ya baridi kavu ya Juni hadi Agosti, kwa sababu mizizi huota polepole mno katika kipindi hicho.

Siku yenyewe iwe ya mawingu ikiwezekana. Jua kali la saa sita ni adui wa kazi hii kuliko hata mvua ya rasharasha, ambayo huwaudhi watu lakini huifaa mimea.

Vifaa na udongo

Andaa uma wa bustani au sepeto mbili, kisu kigumu chenye meno ya msumeno, panga dogo lililonolewa, mikasi ya kupogolea, ndoo za maji, magunia yaliyolowanishwa, turubai la kufanyia kazi na glavu kwa kila mtu. Glavu si za mapambo: mimea kadhaa ya jamii ya airisi ina utomvu unaowasha ngozi za baadhi ya watu, na kingo za majani makavu hukwaruza. Kwa sababu hiyo hiyo, mabaki yasiachwe mahali ambapo mbuzi au watoto wadogo watayatafuna. Weka pia kikopo cha spiriti na kitambaa cha kupangusia visu kila mnapohamia kichaka kingine, ili ugonjwa wa bustani moja usisafiri kwenda nyingine zote kwa siku moja.

Vyungu vinaweza kuwa vya udongo, vya plastiki, viriba vya kitaluni, au makopo ya rangi yaliyosafishwa vizuri na kutobolewa chini. Kipenyo kiwe kati ya sentimeta 15 na 20. Kiriba chembamba cha kuoteshea miche ya miti hakifai, kwa kuwa mizizi ya airisi hutanuka kwenda pembeni kabla ya kwenda chini, na ndani ya kiriba hujikunja na kujizungusha. Jambo lisilo na mjadala ni matundu: chungu kisichotoa maji kitaozesha tunguu, yaani shina nene la mmea lililolala karibu na uso wa udongo, ndani ya wiki chache.

Mchanganyiko wa udongo ambao hufanya kazi vizuri ni sehemu 2 za udongo wa juu wa bustani, sehemu moja ya mboji iliyoiva na sehemu moja ya mchanga mkavu wa mto. Penye udongo mzito wa mfinyanzi, ongeza mchanga uwe sehemu moja na nusu. Samadi inaweza kushika nafasi ya mboji ikiwa imeoza kabisa, haina joto wala harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi iliyokatwa, na hiyo ndiyo sababu ya vifo vingi ambavyo watu huvisingizia jua. Changanya udongo siku moja kabla, unyunyizie maji hadi ukiufinya mkononi ushikamane bila kuchuruzika, kisha uufunike.

Mgawanyo wa kazi

Wapeni watu wenye nguvu na uzoefu wa jembe kazi ya kuchimba, wawili wanatosha. Wawili au watatu wakae kwenye turubai wakigawa, na hawa wawe watulivu na wenye jicho, kwa kuwa mafanikio ya siku nzima yako mikononi mwao. Mmoja apunguze majani na mizizi, watatu au wanne wajaze vyungu na kupanda, na mmoja awe mwandishi wa lebo na daftari. Mwandishi asipewe kazi nyingine yoyote. Katika vikundi vingi lebo huachwa mwisho, na mwisho wenyewe hufika watu wakiwa wamechoka na vyungu vimeshachanganyika.

Msichimbe vichaka vyote kwanza. Chimbeni kimoja, kipite kwenye mikono yote hadi vyunguni, ndipo mchimbe kingine. Kama wagawaji wamezidiwa, wachimbaji wasimame.

Kuchimba

Mwagilia kichaka jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi, funga majani yake kwa kamba ili yasikatike wala kukuzuia kuona, kisha zungushia uma au sepeto umbali wa sentimeta 15 kutoka kwenye machipukizi ya nje, ukizamisha chuma wima hadi kina cha sentimeta 25 hivi. Ukimaliza mzunguko ndipo unyanyue, ukianzia upande mmoja na kuhamia wa pili, mpaka kichaka kizima kiachie. Usikivute kwa majani, kwani hunyofoka na kuacha tunguu ardhini. Ni busara kuacha theluthi moja ya kichaka mahali pake bila kuiondoa, ili mwenye bustani asibaki na shimo na ili kuwe na akiba iwapo vyungu vitapata balaa. Jaza shimo kwa mboji na udongo siku hiyo hiyo.

Kugawa

Weka kichaka juu ya turubai kivulini, kikung'ute, kisha ukioshe kwa maji ya ndoo mpaka uone kilichomo. Chini ya majani utaona matunguu, yaani mashina manene yanayolala mlalo karibu na uso wa udongo, yenye vifundo kama tangawizi nyembamba. Sehemu za zamani ni za kahawia, ngumu na zenye mizizi michache iliyokauka. Sehemu changa, ambazo ndizo zinazobeba machipukizi, ni nyeupe au za manjano hafifu zikikwaruzwa kwa ukucha, na mizizi yake ni myeupe na minyumbufu.

Anza kwa mikono. Shika pande mbili za kichaka na kuzivuta taratibu huku ukizitikisa. Mara nyingi kitajionyesha chenyewe kinapotaka kuachana. Penye kifundo kigumu tumia kisu, ukikata tunguu kwa mkato mmoja safi badala ya kulisaga. Panga linafaa tu kwa kichaka kikongwe kisichopenyeka, na hapo kubali kwamba machipukizi machache yatapotea.

Swali ambalo huzua ubishi katika kila kikundi ni ukubwa wa kipande. Wengi wakiona idadi ya vyungu vilivyo tupu hushikwa na tamaa ya kugawa hadi chipukizi moja moja, na ni kweli kwamba chipukizi moja lenye mizizi linaweza kuishi. Lakini Dietes ni mmea unaonuna ukisumbuliwa. Kipande kidogo hukaa miezi mingi bila kutoa jani jipya, hakina akiba ya kustahimili siku mbili za kusahauliwa bila maji, na hata kikipona kinaweza kupita misimu kadhaa bila ua. Kipimo ninachokipendekeza, na ambacho ningekisimamia hata kikundi kikinung'unika, ni machipukizi 3 hadi 5 kwa kila kipande, yakiwa na tunguu hai la urefu usiopungua kidole cha kati na mizizi yake yenyewe. Kichaka kimoja kikubwa hutoa vipande 6 hadi 10 vya namna hiyo. Machipukizi yaliyonyofoka peke yake yasitupwe. Yaunganisheni matatu matatu katika chungu kimoja na kuyaweka kando kama majaribio, bila kuyahesabu katika mgao.

Tupeni sehemu za katikati zilizo ngumu na tupu. Tunguu lolote lililolainika, lenye rangi ya maji machafu au linalonuka likatwe hadi kwenye nyama safi, na kisu kipanguswe kwa spiriti kabla ya kuendelea. Majani yaliyo chini kwenye shingo yafunuliwe pia, kwa kuwa vidung'ata hupenda kujificha hapo wakiwa kama unga mweupe; wakionekana, safisha kwa kitambaa na maji ya sabuni. Wako wanaopaka jivu kwenye mikato. Halidhuru likiwa kidogo, ila mkato safi ulioachwa kivulini kwa nusu saa hujikausha wenyewe. Muda huo wote mizizi ifunikwe kwa gunia bichi.

Vichipukizi vilivyoota kwenye mabua ni zawadi ya ziada. Vile vyenye mizizi inayoonekana vinaweza kukatwa pamoja na kipande kifupi cha bua na kupandwa katika vyungu vidogo. Visivyo na mizizi viachwe kwenye mmea mama, bua likiinamishwa na kubanwa kwa waya uliopindwa ndani ya chungu kilichojaa udongo, na kukatwa baada ya kushika.

Kupunguza na kupanda

Kata majani yabaki theluthi moja hadi nusu ya urefu wake, ili mizizi iliyopungua isilazimike kulisha majani mengi. Mizizi mirefu ipunguzwe ibaki sentimeta 10 hivi, na ile iliyovunjika ikatwe juu ya jeraha.

Weka udongo chunguni hadi nusu na utengeneze kijilima katikati. Kalisha kipande juu yake, mizizi ikishuka pande zote, kisha jaza taratibu huku ukipenyeza udongo kwa vidole kati ya mizizi bila kuacha mapango. Tunguu lifunikwe kwa sentimeta 1 hadi 2 tu, na shingo, yaani pale majani yanapoanza kuwa ya kijani, ibaki juu ya udongo. Kosa la kuzamisha ni la kawaida kuliko la kuinua, na huozesha. Acha nafasi ya sentimeta 2 kutoka ukingoni kwa ajili ya maji. Shindilia kwa vidole, si kwa ngumi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, na udongo ukishuka uongeze.

Lebo iandikwe kwa penseli juu ya kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye kopo la mtindi, kwa sababu wino wa kalamu nyingi hufifia juani wakati penseli husomeka kwa muda mrefu. Iandikwe jina la mmea, bustani ulikotoka na tarehe. Taarifa hizo hizo ziingie daftarini pamoja na idadi ya vyungu kutoka kila kichaka.

Miezi ya kitaluni

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea: vyungu hugawiwa jioni ile ile, kila mtu anakwenda na vyake, na baada ya mwezi mmoja nusu yake havijulikani vilipo. Ni heri vikae pamoja mahali pamoja, chini ya mti wenye kivuli chepesi au neti ya kivuli, juu ya kichanja au kokoto, chini ya zamu ya umwagiliaji iliyoandikwa majina.

Katika wiki 3 za kwanza udongo usikauke, lakini usiwe tope pia. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, usimwagilie siku hiyo, hata kama zamu ni yako. Majani ya nje yatageuka manjano, nayo si dalili mbaya mradi jani la katikati limesimama. Jani hilo likianza kusonga juu, ukaona ncha yake haiko tena usawa wa mkato ulioukata, mizizi mipya imeanza kazi. Kwa kawaida hilo huchukua wiki 4 hadi 8, na zaidi penye baridi. Usivute mmea kupima kama umeshika. Mbolea yoyote isubiri hadi hapo, nayo iwe chai ya mboji, yaani maji yaliyolowekewa mboji, au samadi iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi nyepesi, mara moja kwa mwezi. Konokono waokotwe jioni baada ya mvua. Chungu ambacho majani yake ya katikati yamelegea na shingo imelainika kitolewe mara moja na udongo wake usitumike tena.

Kugawana na kupanda ardhini

Chungu kiko tayari mizizi inapochungulia kwenye matundu ya chini. Mwenye mmea mama apate kwanza, kisha waliofanya zamu, kisha wengine. Makubaliano hayo yafanywe kabla ya siku ya kuchimba na si baada yake. Sehemu fulani, hata kama ni chungu kimoja kati ya vitano, ibaki kitaluni ili iwe mama wa miaka ijayo.

Mvua zikishika, panda mahali penye kivuli cha nusu siku, umbali wa sentimeta 45 hadi 60 kati ya mche na mche, kwa kina kile kile cha chunguni, na uweke matandazo bila kuyagusisha shingo. Msimu wa kwanza huenda ukapita bila maua mengi. Yakishachanua, mwambieni kila aliyepokea mche asikate bua la kijani kwa kudhani limekwisha, kwa kuwa ndilo litakalochanua tena msimu unaofuata. Likatwe tu likishakauka na kuwa la kahawia hadi chini.